Nani Kasema Hapa Palikuwa Pori Tupu?

Mhariri mmoja alinirudishia mswada wangu na kikaratasi ndani. Kaandika kwa kalamu nyekundu: hadithi ianzie kiwanda cha sukari kilipojengwa, maana kabla ya hapo Kidatu palikuwa pori tupu. Chini akaongeza kwamba vijana wanataka mapenzi na Dar es Salaam, siyo habari za Wandamba na mitumbwi.

Haya. Na mapenzi sina ugomvi, hata mimi nimo. Lakini hilo la pori tupu sikubali, bwana! Na nyie waandishi wenzangu mnaolirudia kwenye hadithi zenu, ndio hasa nataka tugombane leo.

Kiwanda kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uhuru tuliupata Desemba 9, 1961. Kwa hesabu hiyo basi nchi ilipata bendera kwanza, halafu ndipo bonde la Kilombero likapata watu. Sasa Agosti 30, 1905 nani walilivamia boma la Wajerumani kule Mahenge? Nyani? Walikuwa Wambunga na Wapogoro, wakafyekwa na bunduki za rashasha, na baada ya vita ikaja njaa. Umatumbi imepata tamthilia yake, Ebrahim Hussein kaiandika Kinjeketile mwaka 1969. Riwaya ya Mahenge mimi sijakutana nayo mpaka leo. Tunasema taifa lilizaliwa TANU ilipoundwa Julai 7, 1954, kama vile waliokufa nusu karne kabla walikuwa wanafanya mazoezi tu.

Msije mkadhani nataka tuandike mashujaa watupu. Wambunga wenyewe walikuwa wageni, waliingia bondeni karne ya 19 katika vurugu za vita vya Wangoni, wakakaa Ifakara na Kiberege. Wabena wa mtoni waliteremka kutoka nyanda za juu, na Mtema wao Kiwanga akasimama upande wa Mjerumani katika Maji Maji. Wandamba walikuwapo mtoni na samaki wao, wakawaona wote hao wanakuja. Jamani, hiyo si riwaya? Ndugu wawili, mmoja kanywa maji, mwingine kashika bunduki ya Mzungu! Mnahangaika kutafuta visa kwenye sinema za video na visa vimelala chini ya miguu yenu.

Wamarekani walifanya ujanja huu zamani. Mwaka 1935 Laura Ingalls Wilder alitoa kitabu chake, Little House on the Prairie, kuhusu familia inayojenga kibanda kwenye nyika ya Kansas. Kitabu kitamu, sibishi. Lakini ardhi ile ilikuwa ya Waindio wa Osage, na Kansas ilikuwa jimbo kamili tangu 1861, kabla ya familia ile kufika. Watoto wa dunia nzima wamekua wakijua baba mwenye shoka ndiye aliyeanza. Mwaka huohuo wa 1935, huku kwetu, bwana Culwick, ofisa wa Kiingereza, na mkewe walitoa kitabu juu ya Wabena wa bonde hili, Mtema Towegale Kiwanga akiwasaidia. Yaani historia yetu iliandikwa, ila kwa Kiingereza, na ofisa wa serikali iliyokuja baadaye, miaka ya 1940, kuwahamisha watu na kuwakusanya sehemu moja kwa sababu ya malale. Palipohamwa pakaota majani. Ndiyo! Pori lenyewe mnaloliita la asili, sehemu nyingine ni mashamba ya watu waliohamishwa.

Nikiri sasa jambo linaloniuma. Babu yangu hakuzaliwa hapa. Alitoka Njombe kuja kukata miwa, akapewa kitanda kambini, akabaki. Nyumba yetu inasikia treni ya TAZARA usiku, na hapa Kidatu ndipo reli mbili zisizolingana upana zinakutana, mzigo unashushwa huku na kupakiwa kule. Mimi ni mtoto wa waliokuja, sawasawa na yule binti wa Kansas. Mhariri alidhani ananisaidia aliponiambia nianzie kwa babu. Nikianzia kwa babu ninakuwa nimewafuta wenye mitumbwi, halafu nakaa kwenye kiti chao na kuandika kwamba nilikikuta kitupu.

Na nyie mnaotoka Ifakara, mnaojua Kindamba, mnasubiri nini? Mnataka mkata miwa awaandikie? Bibi zenu wapo bado, wengine wanafuga kuku hatua mia kutoka kituo cha basi. Kamnunulieni sukari bibi, mkae, mumwulize mto ulipofurika walilala wapi.

Mswada nimeuandika upya, kurasa 40 kwa mkono. Sura ya kwanza ni mwaka 1905, mwanamke yuko juu ya dungu anafukuza ndege kwenye mpunga, na anaona watu wanavuka mto. Kiwanda kinatokea sura ya kumi na moja. Nimempelekea mhariri yuleyule.