Idodi: Tembo ni wa Serikali, hasara ni ya nani?

Mpunga unapokaribia kuvunwa katika Tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, wenye mashamba hulala shambani. Wanapanda dungu na tochi, debe la kupiga na pilipili ya kuchoma. Anayesubiriwa ni tembo kutoka upande wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kundi likiingia, usiku mmoja unatosha kumaliza msimu mzima.

Asubuhi yake linabaki swali moja: nani analipa?

Jibu lilipaswa kuwa jepesi. Ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, mnapelekana kwa mtendaji na mwenye ng'ombe analipa. Tembo naye ana mwenyewe. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Lakini mwenye mali huyu halipi fidia. Anatoa "kifuta jasho". Mtu akiuawa, familia inapewa "kifuta machozi".

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka viwango. Shamba lililo kati ya nusu kilomita na kilomita moja kutoka mpaka wa hifadhi lilipangiwa Sh25,000 kwa ekari. Lililo mbali zaidi ya kilomita tano, Sh100,000 kwa ekari. Mwisho ekari tano, hata kama zimeliwa kumi. Aliye ndani ya nusu kilomita hapati kitu. Roho ya mtu iliwekewa Sh1 milioni.

Sh25,000 haitoshi hata kulimia ekari moja kwa trekta. Wabunge wa maeneo yanayopakana na hifadhi wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na mjadala karibu kila mara huishia kwenye kiwango: kiongezwe au kisiongezwe.

Tatizo kubwa zaidi ni lile jina.

Fidia ni deni. Anayedai fidia anakwenda ofisini akiwa na haki mkononi, na asipolipwa anaweza kwenda mahakamani. Kifuta jasho ni pole. Anayepewa pole anasema asante, ikichelewa anasubiri, ikiwa ndogo hana pa kulalamikia. Kwa neno hilo moja mkulima ametoka kwenye nafasi ya mdai na kuwekwa kwenye nafasi ya mfiwa.

Linganisha na barabara. Serikali ikitwaa shamba ili ipitishe lami, mthamini anakuja, mazao yanahesabiwa, inaitwa fidia. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Mpunga ukiondolewa na greda, ni haki. Ukiondolewa na tembo wa umma, ni huruma. Mkulima wa Idodi ana sababu ya kuuliza tofauti iko wapi, maana kwake ghala ni tupu vilevile.

Serikali nayo ina hoja. Haimtumi tembo shambani. Tukisema kila gunia lilipwe kwa bei ya soko, bajeti ya uhifadhi itamalizikia huko, na wajanja watapanda mahindi kwenye shoroba ili wavune malipo. Ndiyo maana ya ule mstari wa nusu kilomita: usilime mlangoni kwa tembo halafu ulalamike.

Hoja hiyo ina nguvu kwa aliyehamia jana. Kwa Idodi inalegea. Hifadhi ya Ruaha ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1974 ikaongezewa eneo la kusini-mashariki mwa Mto Ruaha Mkuu, yaani upande huu wa vijiji. Miaka hiyohiyo ya 1970 Operesheni Vijiji ilikuwa ikikusanya watu na kuwaonyesha pa kukaa. Serikali ilisogeza mpaka na ikapanga watu, mikono yote miwili ni yake. Leo kumwambia mjukuu kwamba babu yake alijenga karibu mno na hifadhi ni kumbebesha uamuzi ambao hakuufanya.

Kuna jambo jingine linaloifanya Idodi iwe ya pekee kidogo. Hapa wananchi waliambiwa wao ni wabia. Katika miaka ya 1990 ulianza mradi uliofadhiliwa na Uingereza ambao ulizaa MBOMIPA, Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Vijiji 21 vilitenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori, na mwaka 2007 jumuiya hiyo ikapewa haki ya kutumia rasilimali: uwindaji, utalii wa picha. Vijana wa vijiji wakawa askari wa doria. Angalau nusu ya mapato ya jumuiya inapaswa kwenda vijijini.

Ubia huo si wa karatasi tu. Lakini nusu ikigawanywa kwa vijiji 21 inajenga darasa au kumalizia zahanati, hairudishi mpunga wa mtu mmoja. Faida inakuja kwa kijiji, hasara inakuja kwa kaya. Na ile kaya yenye hasara haikupiga kura peke yake kutenga ardhi. Kijiji kizima kilikubali.

Ukivuka hifadhi kwenda Mbarali, mkoani Mbeya, uhusiano ni mkali zaidi. Mwaka 2008 Ruaha iliongezwa kwa kuingiza Usangu, na vijiji vikajikuta ndani ya ramani ya hifadhi. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vya aina hiyo, ikaundwa kamati ya mawaziri wanane chini ya William Lukuvi, wakati huo Waziri wa Ardhi na mbunge wa Isimani, jimbo lenye Idodi. Vijiji 920 kati ya 975 nchini viliruhusiwa kubaki. Mbarali vipo vilivyoambiwa vihame. Mgogoro huo ulifika hadi Benki ya Dunia, na mwaka 2024 mradi wa REGROW wa dola milioni 150 ukasimama, kisha ukafutwa.

Kenya walibadilisha jina. Sheria yao ya mwaka 2013 inaita fidia, na kifo kiliwekewa Sh5 milioni za Kenya. Malimbikizo yakawa makubwa na familia zikasubiri miaka. Kwa hiyo neno peke yake halijazi mfuko. Ila Mkenya anayesubiri anajua anadai, na Serikali yake inajua inadaiwa.

Idodi kuna hatua ndogo inayowezekana hata kabla Bunge halijagusa sheria. Madai huanzia kijijini, yakapita kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, yakaenda wizarani. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Pale pale panapotajwa fedha za MBOMIPA, isomwe na orodha ya madai ya mazao: nani aliandika, lini, fomu imekwama meza ipi.