Kompyuta ya bei nafuu: umeme kwanza, prosesa baadaye

Kila kompyuta mpakato ya bei nafuu inapokaribia kutoka, uvumi huwa juu ya prosesa na memori. Kasongo na Kabambare, swali la kwanza ni umeme. Mwaka 2005, huko Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ya watoto ya dola 100, yenye mkono wa kuzungusha ili kupata umeme. Ilipotoka mwaka 2007, bei ilikaribia dola 200 na ule mkono haukuwemo tena. Mwanafunzi wa Maniema ya kusini anayetegemea paneli ya jua asitoe akiba yake kwa uvumi. Angoje chombo kifike sokoni, kisha aulize: kinakula wati ngapi, na betri ikifa, itabadilishwa wapi?