Mie Nachagua Nyanya

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kituo cha Mombasa, Ukonga, Dar es Salaam. Nina dodoso mkononi na nalipwa kwa fomu. Swali la saba: kwa nini umechagua usafiri huu? Majibu manne: nauli nafuu, haraka, starehe, usalama.

"Shikamoo mama. Kwa nini umechagua daladala?"

"Marahaba. Kuchagua?" Akacheka. "Mwanangu, mie nachagua nyanya."

Alikuwa anawahi matenga soko la Ilala. Nikaweka alama kwenye "nauli nafuu", kwa sababu fomu isiyokamilika hailipwi. Naungama, ulikuwa uongo.

Kisha mama akapanda daladala ya kwenda Gongo la Mboto, na Ilala iko upande wa pili kabisa. Mgeni angedhani kapotea. Mwenyeji anajua: anageuza nayo. Anarudi nyuma hadi mwisho wa njia, ili gari likigeuka awe tayari ndani, maana likifika tena Mombasa limeshajaa hadi mlangoni. Analipa nauli mara mbili kwa safari moja. Kwenye fomu yangu akawa abiria wa Gongo la Mboto anayependa unafuu.

Sasa fikiria takwimu hizo zikifika mezani kwa mpangaji wa jiji. Ataona umati unaelekea pembezoni alfajiri, na atasema huko ndiko kunakohitaji magari.

Siuchukii utafiti. Daniel McFadden aliwahoji wakazi wa eneo la San Francisco kabla treni za BART hazijaanza mwaka 1972, akakadiria kwamba asilimia 6.3 wangezitumia kwenda kazini. Ikawa 6.2. Mwaka 2000 akapewa Nobel ya uchumi, na heko kwake. Lakini wengi wa watu wale walikuwa na gari nyumbani, basi barabarani, na treni inakuja. Kwao kuchagua kulikuwa na maana. Ukilileta neno hilo Ukonga bila hayo magari, linabaki na kazi moja tu, kumbebesha abiria lawama. Kaning'inia mlangoni? Kachagua. Kapanda bodaboda bila helmeti? Kachagua. Na mwanafunzi aliyezuiwa na konda kwa sababu nauli yake ndogo, akaenda shule kwa miguu, huyo kwenye fomu hayumo kabisa. Tuliagizwa tuhoji wanaopanda.

Wanafunzi wa Nairobi walitushinda. Walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo vyote, hadi mwaka 2014 ikatoka ramani ambayo jiji halikuwa nayo. Ramani ile nayo haisemi nani aliachwa kituoni. Ila angalau walipanda! Sisi tulisimama pembeni na kalamu, kisha tukaandika habari za mioyo ya watu.

Watafiti, futeni swali la saba. Ulizeni: yamekupita magari mangapi? Umelipa mara ngapi? Nani kakushusha?

Nilijaribu. Siku ya mwisho nilimwona tena mama wa nyanya, nikamuuliza ni magari mangapi yalimpita kabla hajaamua kugeuza. "Manne," akasema. "Siku ya mvua sihesabu." Nikaandika pembeni ya fomu: manne. Jioni msimamizi wangu akalikata kwa kalamu nyekundu. Kwenye kompyuta, akasema, halina safu yake.