Mathenge Si Msitu, Ni Deni

Ukiwa kwenye basi kutoka Garsen kwenda Hola, chungulia dirishani. Kijani kibao. Msee wa Nairobi anapiga picha, anaposti kwamba Tana River imerudi kuwa msitu. Msitu gani, buda? Huo ni mathenge. Mti mmoja, miiba mitupu, na chini yake nyasi hazioti.

Haukujileta. Miaka ya 1980, wakulima wa mradi wa umwagiliaji wa Bura walihitaji kuni, na kulikuwa na hofu kwamba wangemaliza msitu wa kando ya mto. Ikapandwa miti ya kukua haraka, mathenge ukiwemo. Mche rahisi, ukame hauutishi. Lakini bei ya mche si bei ya mti. Bili ilikuja baadaye, ikamwangukia mfugaji: malisho yamezibwa, mbuzi wanaoza meno kwa utamu wa maganda yake, na mifugo yake mwenyewe inasambaza mbegu kwa kinyesi. Serikali ilipoutangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008, ulikuwa ushaenea.

Sasa kuna wanaosema: kata, choma makaa, yaishe. Hayaishi! Ukiacha kisiki, unachipuka tena, ukiwa kichaka kuliko mwanzo. Mwenye lori anaondoka na doh, wa Garsen anabaki na moshi.

Mimi digrii sina, ila hesabu hii naiweza. Makaa ya mathenge yalipie kung'oa visiki. Hapo panda nyasi kwanza, uza malisho. Kisha mikwaju na migunga, na karibu na maji mikuyu na miembe. Msitu mseto unachelewa kulipa, kweli, lakini unalipa kwa milango mingi: malisho, matunda, asali, kivuli. Embe likikosa bei, asali ipo. Mti mmoja ukikuangusha, umeanguka nao.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Poa. Lakini tukihesabu miche tu, tutarudia Bura kwa jina jipya. Hesabuni aina ngapi zimepandwa, na mingapi iko hai baada ya miaka mitatu. Na kijana wa Garsen anayeitunza hiyo miaka mitatu alipwe mshahara, si fulana na soda ya siku ya uzinduzi.