Juni Ina Siku Nyingi, Ziwe Siku za Hesabu

Juni ni mwezi wa maturubai. Tarehe 5 ni Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 8 ni ya Bahari, 12 ya kupinga utumikishwaji wa watoto, 13 ya kukuza uelewa kuhusu ualbino, 14 ya Wachangia Damu, 16 ya Mtoto wa Afrika, 19 ya selimundu, 20 ya Wakimbizi, 26 ya kupiga vita dawa za kulevya. Hapo katikati Tanzania huwa na Wiki yake ya Utumishi wa Umma, kuanzia tarehe 16 hadi 23. Ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya anaweza kujikuta uwanjani mara nne ndani ya wiki mbili: viti vya plastiki vimepangwa, spika zimefungwa, fulana zimegawiwa, kikundi cha ngoma kinasubiri, na mgeni rasmi yuko njiani.

Kila mwaka wapo wanaolalamika kwamba siku hizi zimezidi, zinakula fedha na muda wa watumishi, na bora zipunguzwe. Malalamiko yao yana msingi, ila dawa wanayoipendekeza siyo. Nyuma ya kila tarehe wapo watu waliohangaika miaka mingi hadi jambo lao likatambuliwa. Mzazi aliyeambiwa na majirani kwamba mwanawe mwenye selimundu amerogwa anastahili kusikia ugonjwa huo ukitajwa kwa jina lake hadharani, na mkuu wa mkoa, walau mara moja kwa mwaka. Kinachopaswa kubadilika ni kipimo. Maadhimisho mengi hupimwa kwa mahudhurio, picha na ukubwa wa mgeni. Yapimwe kwa kilichosalia Juni inayofuata.

Mfano bora wa kipimo hicho ulianzia Nairobi. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira ikiwa bado changa, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walitembea kwa maandamano kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Kila mti ulipandwa kwa heshima ya kiongozi mmoja wa zamani, na viongozi hao walitoka katika jamii mbalimbali za Kenya. Kwa sura ya nje ilikuwa hafla kama hafla nyingine za Juni. Miti mitano kati ya ile saba ilikufa.

Wengi wangeishia hapo. Maathai aliendelea, na namna alivyoendelea inafaa kutazamwa kwa karibu. Vuguvugu lake la Green Belt liliwafundisha wanawake wa vijijini kukusanya mbegu za miti ya kwao, kuotesha vitalu kwa vifaa walivyokuwa navyo nyumbani, kisha kuwagawia majirani miche wakapande. Malipo yalikuwa madogo, senti chache tu za dola kwa mche, na hayakutolewa siku ya kupanda. Yalifuata ukaguzi, mche ukishakutwa umeshika. Kama miche mia imepandwa na sitini ikanyauka, kilicholipwa ni ile arobaini iliyobaki. Kwa utaratibu huo mwoteshaji hakuweza kuutupa mche kwa jirani na kuondoka. Ilimpasa arudi kuangalia kama mbuzi wamefungwa na kama shina limemwagiwa maji. Kufikia mwaka 2004, Maathai alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Nobel ya Amani, vuguvugu hilo lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30.

Upandaji miti wa Juni 5 unaofanyika sasa katika wilaya nyingi za Tanzania unakwenda kinyume kabisa na hapo. Tarehe yenyewe ilitokana na mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofunguliwa Stockholm, Sweden, Juni 5, 1972, wakati ambao kule majira ya joto ndiyo yanaanza. Huku kwetu masika yameisha au yanamalizikia. Mche unaotiwa ardhini Dodoma siku hiyo una kiangazi kizima mbele yake, na picha ya kiongozi akiwa ameshika jembe haitausaidia. Shule na kata zinazotaka miti ipone zipande mvua zinapoanza. Ikifika Juni 5, zisimame mbele ya mgeni rasmi ziseme zilipanda mingapi na iliyo hai ni mingapi, kisha zimpeleke akaione.

Tanzania imewahi kuutumia mwezi huu vizuri. Juni 1, 2019, katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lilianza kutekelezwa, miaka 11 baada ya Rwanda na chini ya miaka miwili baada ya Kenya. Siku nne baadaye, Siku ya Mazingira ilikuta kitu cha kuonyesha: vikapu vimerudi sokoni, mifuko mbadala imetundikwa kila genge. Deni lililobaki ni la vile vifungashio vyepesi vinavyoendelea kutumika kama mifuko, na Juni 5 ni siku mwafaka ya kuliulizia.

Siku inayojua kuhesabu kuliko zote ni Juni 14, ya Wachangia Damu. Ndiyo tarehe aliyozaliwa, mwaka 1868, Karl Landsteiner, mwanasayansi wa Austria aliyegundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20 na kupata Nobel mwaka 1930. Jioni ya siku hiyo kuna chupa za damu zinazohesabika moja moja. Mchangiaji hupimwa uzito, asiwe chini ya kilo 50, akachukuliwa shinikizo la damu, akachomwa ncha ya kidole. Katika baadhi ya vituo tone hilo hudondoshwa kwenye kimiminika cha buluu: likizama upesi, damu yake inatosha, likielea, anashauriwa akale vizuri arudi siku nyingine. Akipita hapo anajilaza kama dakika 10 hivi, mfuko ukijaa takribani mililita 450, kisha anapewa soda na biskuti. Damu huenda maabara kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, ndipo iwekwe kwenye jokofu.

Kwenye jokofu haikai sana. Chembe nyekundu hudumu wiki tano hadi sita. Damu iliyochangwa Juni 14 haifiki Agosti.

Na hapa pia kalenda ya dunia inagongana na ya nyumbani. Nguzo kubwa ya uchangiaji ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, na katikati ya Juni shule za Tanzania zimefungwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri Julai shule zifunguliwe, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, wala dereva wa bodaboda aliyegongwa. Kwa hiyo Juni ndio mwezi wa kwenda kwa watu wazima: misikitini baada ya swala ya Ijumaa, makanisani Jumapili, viwandani, vijiwe vya bodaboda, stendi za mabasi. Utaratibu wa damu salama nchini unamruhusu mwanamume kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Aliyechangia Juni 14 anaweza kurudi Septemba au Oktoba, akipigiwa simu au akitumiwa ujumbe mfupi. Mafanikio ya siku hiyo yasomwe kwa idadi ya waliorudi.

Siku tano baadaye huja Siku ya Selimundu, na wagonjwa wake ni miongoni mwa wanaoitegemea damu hiyo. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na hivyo nchi iko miongoni mwa zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Muhimbili imekuwa na mpango maalumu wa ugonjwa huu tangu 2004, ukihusishwa na jina la Profesa Julie Makani, na kinachofaa kinajulikana: kichanga kuchomwa kisigino na kupimwa mapema, penisilini kila siku katika miaka ya mwanzo, na dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu makali. Swali la Juni 19 ni moja tu: tangu mwaka jana, ni hospitali ngapi zaidi za wilaya zimeanza kupima vichanga?

Siku ya Wakimbizi ni mchango wa Afrika kwa dunia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi ulianza kutumika Juni 20, 1974, tarehe hiyo ikawa Siku ya Wakimbizi Afrika, na tangu 2001 dunia nzima inaiadhimisha. Kwa familia iliyoko kwenye kambi ya Nyarugusu, Kakuma au Dadaab, hesabu yake ni ya mgawo wa chakula na madarasa.

Mwaka 2024, Juni ilionyesha kwa uchungu umbali uliopo kati ya kalenda na maisha. Mei 30, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka miwili na nusu, alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwao. Wakati akitafutwa, siku zilipita moja baada ya nyingine. Juni 1, ya wazazi duniani. Juni 4, ya watoto wanaofanyiwa ukatili. Juni 13, ya ualbino. Juni 16, ya Mtoto wa Afrika. Juni 17 alipatikana akiwa ameuawa, na baadhi ya viungo vya mwili wake vimekatwa. Watu tisa walitiwa mbaroni.

Tarehe 13 ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku ambayo Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013, lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Yaani siku hii ilizaliwa na mauaji ya aina hii hii, na mengi yalitokea Tanzania, nchi ambayo inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 amezaliwa na ualbino. Ulaya na Amerika ya Kaskazini makadirio ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Ulinzi, basi, ndilo jambo la kwanza la kutolewa hesabu: kijiji kipi kina watoto wangapi wenye ualbino, mwenyekiti wa kitongoji anawafahamu, polisi kata ana namba za wazazi wao, na mara ya mwisho walitembelewa lini.

La pili ni jua. Saratani ya ngozi inaondoa maisha ya watu wenye ualbino wengi kuliko mapanga, tena wakiwa bado vijana. KCMC Moshi kunatengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili yao, na Kenya hugawa losheni kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Kidonda kinachoanza, kidogo kama punje ya mtama kwenye sikio au shavu, daktari wa ngozi anaweza kukiunguza kwa naitrojeni baridi kwa muda mfupi tu, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikiachwa miaka miwili kinahitaji upasuaji mkubwa na safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road. Turubai la Juni 13 likiwa na daktari wa ngozi, kofia pana na chupa za losheni za miezi kadhaa, watu watalikumbuka. Fulana nyeupe ya mikono mifupi, kwa mtu ambaye jua linamla mikono, ni zawadi isiyofikiriwa vizuri.

Siku ya Mtoto wa Afrika nayo ilianza kwa damu. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Hector Pieterson, mwenye miaka 12. Kwa uamuzi wa OAU, siku hiyo huadhimishwa tangu 1991. Watoto wale walikuwa na dai mahususi. Leo watoto hupangwa mistari wawaimbie wakubwa, ilhali madai yao yanafahamika. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa Oktoba 23, 2019. Juni 16 ya 2020 ilipita, ya 2021, ya 2022, ya 2023, na sheria ikabaki kama ilivyokuwa. Waziri anayekubali kuwa mgeni rasmi siku hiyo anawajibika kuwaeleza watoto waliokaa mbele yake muswada umefikia wapi.

Vyombo vya habari vina sehemu yao katika hili. Habari ya maadhimisho imezoeleka kuandikwa kutoka kwenye hotuba ya siku hiyo, na mwandishi akishapata kauli ya mgeni rasmi anaona kazi imekwisha. Ahadi ya mwaka uliotangulia iko kwenye makabati ya chumba cha habari, imechapishwa, ina tarehe na jina la aliyeitoa. Mhariri anayempangia mwandishi kwenda uwanjani Juni 13 au Juni 16 ampe nakala ya gazeti la siku hiyo la mwaka jana, na habari ianze na ahadi ile. Halmashauri zinazoandaa risala zianze na ukurasa huo huo, kabla mgeni rasmi hajapewa kipaza sauti, ili awe na muda wa kuandaa majibu.