"Haya ni makadirio tu"

Nimepotea siku nyingi, mniwie radhi. Kazi iliyonimeza ni programu ya kliniki ya meno huko Marekani, ile ambayo mhudumu wa mapokezi huitumia kupanga miadi, kupeleka madai kwa bima na kumwambia mgonjwa atatoa pesa ngapi mfukoni. Mimi niko Nairobi, kliniki iko Ohio, na wiki jana nililetewa lalamiko la mzee mmoja likaninyima usingizi.

Mzee alihitaji kofia ya jino. Bei waliyokubaliana kliniki na bima ni dola 1,000. Bima hulipa nusu, baada ya mgonjwa kujilipia dola 50 za kwanza za mwaka. Programu ikapiga hesabu: bima 475, mzee 525. Akakubali, akalipa, jino likachongwa. Mwezi mmoja baadaye bima ikaleta 300 tu, na mzee akatumiwa bili ya dola 175 zaidi. Kisa? Bima yake ina kikomo cha dola 1,500 kwa mwaka, na wiki tatu kabla alikuwa ametibiwa mzizi wa jino kwa daktari mwingine. Zilibaki 300. (Hata zile 50 za kwanza alikuwa ameshazitoa hukohuko.) Programu yetu haikujua lolote, kwa kuwa huhesabu madai ya kliniki hiyo peke yake.

Sasa sikia jibu la mwenzangu: "Kwani shida ni gani bro, si imeandikwa pale chini, haya ni makadirio tu?"

Hapo damu ikanichemka. Sentensi hiyo tunaiandika sisi, kwa herufi ndogo za kijivu, ili tusilaumiwe. Mzee hawezi kurudisha jino lililokwisha kuchongwa. Kama angejua ni 700, pengine angengoja Januari, kikomo kianze upya.

Tatizo ni jinsi tunavyoweka data. Fungua hifadhidata nyingi za aina hii utakuta bima nzima imefupishwa kuwa tarakimu tatu: 100 kusafisha, 80 kuziba, 50 kofia. Bima haifanyi kazi hivyo! Chukua jino la nyuma lililozibwa kwa dawa nyeupe, nyuso mbili, nambari D2392. Bima nyingi hulipa kana kwamba ni dawa ya fedha, D2150. Tuseme nyeupe ni dola 200 na ya fedha 140. Programu inachukua asilimia 80 ya 200 na kumwambia mgonjwa atoe 40. Bima inachukua asilimia 80 ya 140, inalipa 112, na mgonjwa anabaki na 88. Zaidi ya mara mbili.

Au kusafisha meno. "Mara 2 kwa mwaka" na "mara 1 kila miezi 6" ni vitu viwili tofauti. Katika masharti ya pili, ukifika siku moja mapema unajilipia yote. Sisi tumeweka safu moja, tukaandika 2, tukaenda kunywa chai.

Najua mtasema kosa ni la kampuni za bima. Ni kweli, nyingine zikiulizwa hujibu kama mtu aliyelazimishwa kusema: bima ipo, kwaheri. Lakini sheria ya HIPAA ya 1996 ndiyo iliyozaa mfumo sanifu wa kuulizana, swali likiitwa 270 na jibu 271, na ndani ya jibu kuna nafasi ya kiasi kilichobaki, alama yake 29. Kampuni ya bima ya yule mzee huijaza. Nilitazama kumbukumbu za mfumo: jibu lililetwa asubuhi ya miadi, likasema 300, programu ikasoma neno "ipo" na kuyatupa mengine. Hiyo si bima. Hiyo ni kodi yetu.

Na kuna jambo linaloniudhi kuliko yote. Kila dai likilipwa, maelezo ya malipo hurudi kwenye programu ileile. Makadirio yamo, malipo halisi yamo, katika hifadhidata moja, na hakuna anayeyalinganisha! Kama bima fulani imeshusha dawa nyeupe mara kumi mfululizo, kwa nini mgonjwa wa kumi na moja adanganywe tena? Nililinganisha madai ya mwaka mmoja wa kliniki hiyo. Swali lenyewe la SQL lilinichukua nusu saa.

Cha kuchekesha, asiye na bima ana kinga zaidi. Tangu 1 Januari 2022, chini ya No Surprises Act, anastahili makadirio ya maandishi, na bili ikizidi kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga rasmi. Mzee wetu mwenye bima ana herufi za kijivu.

Nimemwandikia mwenye kliniki. Nimeomba mambo matatu kwenye skrini: kiasi kilichobaki, tarehe tuliyokiuliza, na sababu ya kila dola mgonjwa anayotozwa. Tusipokijua kilichobaki, programu iandike "hatujui, pigia bima simu" badala ya kubuni tarakimu. Mwenzangu anasema hilo litaifanya programu ionekane mbovu mbele ya wateja. Mimi Jumatatu naanza na ile 29.