Karata mezani: mtoto ajifunze kushindwa akiwa nyumbani



Mwezi huu nina neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wazazi, hasa akina baba. Naona kuwa pakiti ya karata ni kifaa kizuri cha kumsaidia mtoto kuitawala hasira yake, na kwamba nyumba yenye watoto wa kuanzia miaka 6 ingefaa iwe nayo kabatini, pamoja na kipimajoto.

Jibu nalijua kabla sijaletewa. Karata ni za wahuni. Naishi jirani na Mnazi Mmoja na kila siku napita Mtaa wa Uhuru kwenda kazini, hivyo nayasikia yanayosemwa. Nani katika jiji hili hajapata kusikia habari za karata tatu? Mgeni anashuka kutoka mkoani na fedha zake za mahindi, anasimamishwa na vijana wenye maneno matamu, anaonyeshwa karata tatu juu ya boksi, na kabla jua halijazama hana hata nauli. Wapo pia wanaoshinda kwenye karata za fedha huku nyumbani hakuna unga. Mzazi aliyeyaona hayo, akimkuta mwanawe ameshika karata, hutafuta fimbo.

Simlaumu kwa kuogopa. Namwomba tu atenganishe karata na kamari. Kanisa lenyewe limezitenganisha: Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2413, yataja michezo ya kubahatisha, karata zikiwemo kwa jina, na kusema kwamba si kosa kwa yenyewe. Inakuwa kosa pale inapomnyang'anya mtu riziki yake na ya wanaomtegemea, au inapomfanya mtumwa wake. Wala karata si mchezo ulioingia juzi na televisheni. Maneno yake tuliyapata kwa Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498: karata yenyewe, kopa, shupaza, uru, pau, hata turufu. Wazee wa pwani wamecheza albastini barazani vizazi na vizazi, na si wote walikuwa wahuni.

Sasa tuje kwenye hasira.

Katika wodi ya watoto mtu hujifunza mengi juu yake. Fikirini mtoto wa miaka 9 aliyevunjika paja. Analala chali wiki kadhaa, mguu ukivutwa kwa uzito ili mfupa ukae sawa. Hachezi mpira, haendi shule, na watoto wa vitanda vya jirani wanaruhusiwa kwenda nyumbani yeye akibaki. Wiki ya kwanza analia. Wiki ya pili anarusha sahani ya uji. Ukimkemea, kesho atarusha kikombe. Lakini ukimpa karata, zinaenea vizuri juu ya shuka, na mama wa kitanda cha pili anavuta kiti. Mara nyingi huanza kwa kununa, na kwa saa nzima anakuwa mtoto tena.

Nyumbani hasira ya mtoto hupata dawa mbili, kunyamazishwa na kupigwa. "Nyamaza, mwanaume halii!" Au kofi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu 3 kati ya kila 4 walisema walipata kupigwa ngumi, mateke, mijeledi au kutishiwa silaha kabla ya kufikisha miaka 18, na wengi wa waliowapiga ni ndugu na walimu. Anayepigwa kwa sababu amekasirika hafundishwi kuishika hasira. Anafundishwa kwamba hasira ni ya mwenye nguvu, naye husubiri siku yake ya kuwa na nguvu. Aghalabu hasubiri sana, kwa kuwa nyumbani kuna mdogo wake.

Yafaa wazazi wajue pia kwamba mtoto hana breki kama zenu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "ngoja kwanza", huendelea kukomaa hadi kijana anapokaribia miaka 25. Zile sehemu za ndani zinazowasha woga na ghadhabu zinafanya kazi tangu utotoni. Mtoto wa miaka 7 ana moto mkubwa na ndoo ndogo ya maji. Ndoo hiyo hukua kwa kutumiwa, na haiwezi kutumiwa vizuri siku ambayo nyumba nzima inawaka. Yataka moto mdogo wa kujifunzia.

Ninyi mnaelewa habari za chanjo. Chanjo ya surua, ambayo watoto wetu hupewa wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18, ni kirusi cha surua kilichodhoofishwa. Mwili unakutana na adui akiwa mnyonge, unajifunza kumshinda, na siku adui mwenyewe akija unamjua. Karata ni hasira iliyodhoofishwa. Mtoto anashindwa, lakini hajapoteza kitu. Anaonewa na bahati, lakini hakuna aliyemwonea. Dakika tano baadaye karata zinachangwa upya na wote wako sawa.

Chukueni lasti kadi, mchezo ambao kila mtoto wa Dar es Salaam anaujua. Kila mmoja hugawiwa karata kadhaa, hutupa inayolingana kwa rangi au kwa namba na ile iliyo juu, na asiye nayo hulamba. Kila nyumba ina sheria zake, ila nyingi zina mbili, ile karata inayomlazimisha anayefuata kulamba karata mbili. Sasa mtoto wenu amebakiza moja. Ametangaza kwa sauti, "Lasti kadi!" Macho yanang'aa, makalio hayagusi kiti. Kabla ya zamu yake, mdogo wake anaweka mbili. Mtazameni usoni. Masikio yanapata joto, pumzi inakuwa fupi, vidole vinazikunja karata. Kila kitu ambacho kingemfanya ampige mtu ngumi shuleni kipo hapo mezani, kwa kiasi kidogo, na mzazi yupo.

Hapo ndipo kazi ilipo, na kazi hiyo ni ya mzazi. Mzazi anayenunua karata na kuwafungia watoto chumbani wacheze peke yao amenunua ugomvi.

Kwanza, asichekwe. Najua ni vigumu, maana mtoto aliyelamba garasa baada ya kujigamba ana sura ya kuchekesha. Lakini kicheko cha mkubwa wakati huo hugeuza hasira kuwa aibu, na aibu ni mbaya zaidi kuitibu. Pili, msimhubirie. Mwambieni tu mnachokiona: "Mwanangu, naona umekaza meno." Kisha iwepo sheria ya kulaza karata. Yeyote anayeona moyo unamwenda mbio ana ruhusa ya kulaza karata zake kifudifudi, na wote wangoje bila neno mpaka avute pumzi na kuitoa polepole mara tano, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Ndiyo maana twamwambia mama mwenye uchungu wa uzazi apumue. Na baba azilaze zake pia, hata kama hajakasirika sana. Mtoto asipowahi kumwona mkubwa akiitumia sheria hiyo, ataiona ni adhabu ya wadogo.

Jambo moja tunabishana mimi na wauguzi wenzangu. Je, mzazi ajishindishe makusudi ili mtoto afurahi? Wenzangu wanasema ndiyo. Mimi nasema mara moja moja kwa mtoto wa miaka 5, basi. Mtoto anayeshinda kila siku nyumbani hajapata chanjo, amepewa maji. Uzuri wa karata ni kwamba bahati ina sehemu kubwa, na bibi mwenye miaka 70 hushindwa kwa haki na mjukuu wa darasa la pili. Basi bibi aonyeshe jinsi mtu anavyoshindwa: "Haya, umenipata. Changa tena."

Upo mchezo mwingine ambao hauhitaji hata kununua karata, nao nauona bora zaidi kwa wadogo. Katika Kariakoo maboksi hayana bei. Kateni vipande 24 vilivyo sawa, chagueni hisia 12, kila moja ichorwe kwenye vipande viwili: uso na jina lake. Vilazeni vyote kifudifudi. Kila mtu kwa zamu anafunua viwili, akitafuta jozi. Akiipata, kabla hajaichukua aseme ni lini yeye mwenyewe alijisikia hivyo. Kiswahili chetu kina utajiri hapa kuliko tunavyowapa watoto. Mtoto husema "nimekasirika" kwa kila kitu, kumbe mara nyingine ana wivu, mara nyingine ana aibu, au upweke, au hofu. Kununa si sawa na kususa, na kinyongo si sawa na ghadhabu. Kimoja hulala na mtu, kingine hupita kama mvua ya vuli. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu wazima picha za nyuso zenye hasira na woga huku wakipiga picha za ubongo wao. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, ile sehemu ya ubongo inayowasha woga ilitulia. Wazee wetu hawakuwa na mashine hizo, lakini walijua kumuuliza mtoto, "Una nini?" na kungoja jibu.

Hili la kungoja jibu nalisema kwa sababu ya mtaa wetu. Zile nyumba za vyumba sita zenye ua nyuma, ambamo watoto wa wapangaji wote walicheza pamoja, sehemu kubwa zimebomolewa. Sasa tunaishi ghorofani. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko karibu, lakini kuvifikia ni kuvuka barabara zenye daladala, pikipiki na mikokoteni, na mzazi mwenye akili hamwachii mtoto wa miaka 7 aende peke yake. Kwa hiyo mtoto anarudi shule, anapanda ngazi, na yote aliyoyabeba mchana yanalipukia kwenye chumba kimoja na sebule. Halafu Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa. Watoto waliona vumbi, walisikia ving'ora, siku kadhaa waliwaona waokoaji wakichimba. Mtoto anayepiga kelele kila akipelekwa kulala ghorofa ya nne anaweza kuonekana mkaidi. Karata yenye neno "hofu" inaweza kumpa nafasi ya kuuliza kama letu nalo litaanguka. Karata haiwezi kumjibu. Ni juu ya mzazi kumjibu kweli, na kama mna shaka na nguzo za jengo lenu, nendeni mkaulize wanaohusika.

Kuhusu fedha, mimi ni mkali. Isichezwe kwa fedha, wala kwa peremende, wala kwa zawadi ya chipsi. Zile mashine za bonanza na dubwi zilizotapakaa mitaani zinawafundisha watoto kwamba hasira ya kushindwa hutibiwa kwa kutia sarafu nyingine. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sote tunawaona watoto wenye sare za shule wakizizunguka. Mezani kwenu mtoto azoee kwamba ukishindwa unalaza karata, unapumua, na hakuna cha kurudisha.

Karata si dawa ya kila kitu. Mtoto aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, mleteni hospitali kabla ya kumwita mtukutu. Sikio linalouma, maumivu ya seli mundu, njaa, kukosa usingizi, vyote huvaa nguo ya hasira. Na mtoto wa miaka 8 aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayeogopa kubaki na mtu fulani, au anayejiumiza mwenyewe, huyo msimchezeshe karata mkangoja apone. Ongeeni naye faraghani, mleteni, na mkihitaji msaada pigeni 116, simu ya watoto, isiyo na malipo, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kwa wengine wote, dakika 20 baada ya chakula cha jioni zinatosha, kabla ya sala, runinga ikiwa imezimwa. Wanaokaribia kugombana wasiketi bega kwa bega. Asiyetaka kucheza apewe kazi ya kugawa. Na pakiti ikipoteza karata moja, kama itakavyopoteza, msiitupe: kateni kipande cha boksi, mtoto achore juu yake kopa saba au iliyopotea yoyote, mwendelee.